Glasi Iliyofudikizwa

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na mtoto hamjambo, na ule mgongo wako umepata nafuu. Mimi na cherehani yangu bado tunasukumana. Mama anakula kidogo, usiku halali. Barua hii nampa jirani yetu mhudumu wa ndege, anaruka kesho na ameahidi kuiweka mkononi mwako. Kwenye simu naishia kulia, na wewe unaishia kuniuliza utume dawa gani.

Dawa hakuna, kaka. Sitazunguka: Baba anakufa. Siku ya Alhamisi alikataa kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Daktari anasema figo zimekwisha kabisa, na bila mashine hatufiki mbali. Nilimgombeza, nikambembeleza, Mama akalia mbele yake. Alitusikiliza sote kwa ile adabu yake ya kaunta, kana kwamba sisi ni walevi wa saa ya kufunga, kisha akaomba afunguliwe dirisha.

Unajua kilichomchosha zaidi ya sindano? Nyanya. Amekaa miaka yote ile nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli akichanganya nyekundu yake, ile juisi ya nyanya na vodka, halafu daktari anamwambia nyanya zina madini ambayo figo zake haziwezi kuyatoa, yakijaa yanasimamisha moyo. Chumvi pia marufuku. Baba aliniuliza, "Sasa kimebaki nini, ndimu?"

Siku hizi ananisimulia wateja wake. Watu wazima wenye vyeo vyao, wanakuja asubuhi kuzimua ulevi wa jana, macho mekundu kuliko kinywaji. Hakimu alitaka supu baridi ya ng'ombe ndani yake. Daktari wa meno alitaka bia mahali pa vodka, na chumvi kuzunguka mdomo wa glasi. Rubani alitaka juisi tupu, pilipili manga na kijiti cha seleri, bila tone la pombe, na Baba anasema huyo ndiye pekee aliyelala vizuri. Kila mtu na mchanganyiko wake, na wa mtu haumpi mwingine.

Na sisi nyumbani Jumapili tulikuwa na zetu, bila pombe. Mama ndimu nyingi. Mimi maji ya matango, na mlinicheka. Wewe pilipili mpaka kamasi zitoke, ndiyo maana mpaka leo anakuita Moto. Glasi yako ameifudikiza, mdomo chini, juu ya kabati tangu ulipoondoka, kama alivyofanya kazini kwa mteja aliyesafiri. Haruhusu mtu aiguse, hata kuifuta vumbi nafanya akiwa amesinzia.

Mwezi uliopita aliniomba nyekundu, nikamdanganya. Nilichemsha pilipili hoho, nikamwaga maji, nikasaga, nikatia ndimu. Alidondosha tone nyuma ya kiganja, akaonja kama anavyoonja siku zote, akairudisha. "Hii umemtengenezea nani?" Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Jana Mama alisema basi, mpe anachotaka. Daktari naye hakukataa, alitazama chini tu. Nikanunua nyanya zilizoiva, nikasaga, nikachuja, nikaweka kila kitu kando ya kitanda. Ndipo nikagundua kitu ambacho sote hatukuwahi kukifikiria: sikujua yake inakuwaje.

"Yako unaitaka vipi, Baba?"

"Mimi sina yangu," alisema. "Nimeonja za watu tu."

Unakumbuka ile desturi yake mteja akifariki? Alikuwa anajaza glasi ya marehemu, mchanganyiko wake uleule, anaiweka kaunta mahali alipozoea kukaa. Hakuna anayeigusa mpaka saa ya kufunga, kisha anaimwaga mwenyewe. Nadhani naye alikuwa anawaza hilohilo, kwamba yake itajazwa nini, maana aligeuka akaitazama glasi yako juu ya kabati.

Kisha akasema, "Nitengenezee ya Moto."

Nilitia pilipili kama ulivyokuwa unataka. Baba hajawahi kupenda pilipili, unajua. Hakutaka glasi yako, alitaka kikombe chake cha dawa. Alikunywa mafunda matatu, machozi yakamtiririka mpaka kwenye mto, nikamfuta. Akasema, "Ni kali kweli, sijui huyu mtoto anaiwezaje."

Kaka, usitume kitu. Njoo. Kazi itakuwepo, na isipokuwepo utatafuta nyingine. Anageuza kichwa kila lango likigongwa.

Mama anakusalimu, hana nguvu ya kuandika. Shangazi mkunga anakusalimu, analala hapa siku hizi ili atusaidie kumgeuza. Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto ambaye babu yake hajamwona. Mungu akufungulie njia nyeupe, na akutangulize wewe kabla ya kile tunachokiogopa.

Ukichelewa, glasi ya Baba nitaijaza mimi, kwa mchanganyiko wako, kwa kuwa ndio aliouchagua uwe wake. Lakini mimi sijui kiasi chako hasa, jana nilikisia tu.

Wako akupendaye na anayekusubiri mlangoni,
Mdogo wako, wa maji ya matango.