Uzito wa Kosa la Burhani

Troyeville, Johannesburg
4 Februari 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na unafika msikitini bila taabu. Mimi mzima, cherehani inaniweka mjini.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nitapiga kelele. Unajua majaji hawalazimiki tena kumhukumu kitanzi kila aliyeua, na kaka Burhani atasikilizwa upya kuhusu adhabu baada ya miaka minane ya kungoja kunyongwa. Wakili wake amenitumia maombi ya upande wa mashtaka. Bado wanataka anyongwe, na wametaja mambo yanayozidisha uzito wa kosa: alitumia nondo, marehemu Mselem hakuwa na silaha, na kaka alikuwa amejiandaa kukimbilia Johannesburg.

Kukimbia! Baba, tiketi ile ya ndege niliikata mimi, wiki mbili kabla ya ugomvi wao, aje ashone nami hapa. Nondo sikatai. Aliua, na watoto wa Mselem wamekua bila baba. Lakini ahukumiwe kwa alilolitenda, si kwa safari niliyompangia mimi! Risiti nimeipata, nikaenda polisi Marshalltown kula kiapo kwamba tiketi niliikata mimi, na vyote nimemtumia wakili.

Afisa wa probesheni atakuja hapo nyumbani kuuliza tabia za Burhani. Tafadhali, zungumza naye vizuri.

Bintiyo,
Tabia

Likoni, Mombasa
3 Machi 2019

Mwanangu Tabia,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila joto limetuzidi. Goti ni lile lile.

Afisa alikuja. Aliuliza, nikajibu. Usijichoshe sana, Mungu ndiye hakimu.

Babako,
Jumbe

Troyeville
12 Aprili 2019

Baba,

Shikamoo. Afya yangu usiniulize leo.

Nimesoma ripoti ya afisa. "Baba mzazi anasema mshtakiwa alikuwa mkaidi tangu utotoni, na yeye hana la kumwombea." Mwendesha mashtaka ameyadaka maneno hayo. Sasa wana jambo la nne: tabia mbaya ya tangu utoto, hata mzazi wake amemkataa. Mimi nahangaika kuwaondolea moja, wewe unawapa jingine!

Mkaidi! Ulimwambia afisa ni nani aliyekuogesha mwaka ule ulipovunjika mguu? Ulimwambia hujakanyaga gerezani hata siku moja?

Nilimsomea Brigitte, Mkongomani anayesuka nywele mlango wa pili. Akashika kichwa: "Eish, Tabia! Baba mwenyewe?" Hapa kunyonga kulifutwa zamani, ila wapo wanaotaka kurudishwe. Nikiwasikia kwenye teksi natamani nishukie kwenye robot, yaani taa za trafiki.

Kesi ni tarehe 9 Mei. Kibali changu cha kuishi hapa kinahuishwa. Nikitoka nchi hii leo, sirudi. Wewe ni kuvuka feri tu. Usipokwenda, usiniandikie tena.

Tabia

Likoni
14 Mei 2019

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekuandikia, maana nilikwenda.

Wakili aliomba nisikilizwe. Jaji akaniuliza, "Mzee, haya kwenye ripoti ni maneno yako?"

Nikasema, "Ni yangu, mheshimiwa. Niliyasema kwa aibu. Miaka minane nimeona haya kupita mlango wa gereza, watu wasije wakasema yule ndiye baba wa muuaji. Mkaidi ni mimi. Ukaidi huo usimwandikie yeye."

Mjane wa Mselem, Samira, naye aliulizwa. Akasema, "Kamba siitaki. Nataka aniambie kwa nini." Burhani alisimama, akasema ilikuwa hasira tu, hana sababu nyingine, na anaomba radhi. Samira alimtazama, akageuza uso. Simlaumu.

Jaji alilitupa lile la kukimbia. Risiti yako ilisomwa mbele ya wote, na mwendesha mashtaka akainama. La tabia ya utotoni akalitupa pia. La nondo, na la mtu asiye na silaha, ameyashikilia. Kitanzi kimeondolewa. Amempa miaka thelathini, kuhesabiwa tangu siku aliyokamatwa.

Mimi sitamwona akitoka. Lakini siku hiyo waliniruhusu nimsogelee. Ana mvi, Tabia, na hakuna aliyeniambia. Alinishika mkono akasema, "Shikamoo Baba." Nikashindwa kuitikia, nao wakamwondoa.

Jumamosi ni siku ya kutembelea wafungwa. Nitawahi feri ya kwanza, nikamwitikie.

Babako, na babake Burhani,
Jumbe