Mgeni wa Alhamisi

Jumatano, Kawe

Na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mzee Salum, dereva wa hoteli yetu, kaamka usiku wa manane kwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni wa saa kumi alfajiri. Kasimama na kibao chenye jina mpaka jua likatoka. Mgeni hakuna. Anakuja kesho, Alhamisi.

Kosa ni langu. Kompyuta inaandika saa za Kizungu, madereva wanataka za Kiswahili, basi mie ninayeandika programu ya hoteli nikaiambia, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, ipunguze saa sita. Ikapunguza. Ila ukitoka alfajiri ukarudi nyuma saa sita, unaangukia jana yake. Saa ikaandikwa sawasawa, kumi, lakini siku ikawa Jumatano. Nilitaka kubadilisha maandishi tu, kumbe nimebadilisha wakati wenyewe.

Nikaiambia inioneshe taarifa zote za mgeni nitafute kosa. Ikaniandikia [object Object], yaani "kitu" tu. Si jina, si tarehe. Mchana mzima nimekodolea macho kitu hicho.

Nimesharekebisha. Nadhani.

Jioni nilimfuata Mzee Salum. Shikamoo yangu kaiitikia, halafu akaendelea kufuta kioo cha gari.

"Nisamehe, mzee. Ya kesho nimeikagua, iko sahihi."

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Saa nane usiku nakupitia hapo kwenu. Kibao utashika wewe."