Amplifaya ya Mama Adela Imepona

Jumamosi, Mabira. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na nina hasira ambayo sijui niimwagie nani.

Asubuhi Mama Adela, mjane wa kule Bugomora, aliniletea kwenye kibanda changu cha ufundi redio amplifaya ya marehemu mumewe. Ilikuja kwa bodaboda, imefunikwa majani ya migomba. Ni ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Shemeji zake walipogawana mali walichukua ng'ombe, wakachukua na shamba la kahawa. Hii walimwachia kwa sababu ilikuwa imekufa.

"Shikamoo mama. Ina shida gani?"

"Marahaba mwanangu. Ukiiwasha tu, fyuzi inaungua."

Akatoa kanda kwenye kitenge. Mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na humo anaimba peke yake. "Nataka kumsikia kwenye mashine yake."

Mashine hizi huua hata zikiwa zimechomolewa, kwa hiyo nilianza kwa kuumaliza umeme uliobaki kwenye kapasita. Kisha nikatoa valvu inayogeuza umeme, nikaweka fyuzi mpya, nikawasha. Fyuzi ikadumu. Nikairudisha valvu, fyuzi ikaungua. Basi ubovu ulikuwa baada ya hiyo valvu. Nikapima: kapasita kubwa imepiga shoti ndani. Nikafunga nyingine, nikaunganisha spika na deki yangu ya kanda.

Tulingoja valvu zipate moto. Halafu mzee akaimba.

Mama Adela alicheka, mkono mdomoni. Mimi nikaongeza sauti. Hakuniomba. Nilitaka kituo kizima cha biashara kisikie kazi yangu.

Akasikia pia Byamungu, shemeji yake mkubwa, aliyekuwa amejikinga mvua duka la jirani.

"Kumbe inafanya kazi?" Hata salamu hakutoa. "Hii ni mali ya ukoo. Wiki ijayo namwoza kijana wangu."

"Shemeji, si mliniachia wenyewe?"

"Tulikuachia chuma kibovu. Hiki si kibovu."

Akazima, mzee akiwa katikati ya ubeti. Akachomoa nyaya, akaikumbatia amplifaya ikiwa bado ya moto. Mlangoni akanigeukia akitabasamu.

"Mkono wako mzuri, fundi. Siku ya arusi utakuja kutufungia muziki."

Nikasema ndiyo.

Mbele ya yule mama, nikasema ndiyo.

Byamungu alipoondoka, nilimtolea Mama Adela kanda yake nikamwambia, "Mama, kaa, nitakupigia kwenye redio yangu."

Hakukaa. Aliifunga kanda kwenye kitenge, taratibu.

"Ungeniachia mbovu, mwanangu. Ningekuwa nayo."

Akaingia mvuani kwa miguu.

Vidole vyangu bado vinanuka risasi ya kulehemu. Hakuna aliyenituma kuongeza sauti. Wiki ijayo watanipigia simu niende arusini. Nitapata mdomo wa kukataa, au nitabeba vifaa vyangu niende nikale pilau?