Miezi Sita Niliyomdanganya Mama

Mpendwa mshauri, Bi Mgeni, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu nakusihi ulifiche, kwa sababu mama yangu ana duka la jumla la ndoo na mabeseni hapa Kariakoo na vijana wanaomfungia mizigo wanalisoma gazeti hili kabla yake.

Nina miaka thelathini na tatu, Mchaga wa Kibosho, mtoto wa mwisho, nafundisha fizikia chuoni na nimebobea kwenye kompyuta za kwanta, yaani hizi mpya zinazohesabu kwa kutumia chembe ndogo hata kuliko vumbi, ila mashine yenyewe sijawahi kuigusa, nafundisha kwa kuichora ubaoni, sasa mwezi wa tano kampuni moja ya Uholanzi ikanipa kazi ya kuzitengeneza, kazi ya kudumu, Bi Mgeni nililia kwa furaha, nikalia chooni ili Mama asinisikie, maana kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, na ndiye anayewatunza wazazi mpaka mwisho, na Baba alishatangulia, na Mama ameshanijengea humo nyumba ya vyumba vinne, bado kuezekwa tu.

Siku niliyotaka kumwambia mdomo ukawa mzito, nikasema nimepata kozi ya miezi sita. Basi akafurahi, akatangaza duka hadi duka, akaagiza mabati ili nikirudi nikute nyumba imeezekwa, na kila nikimsikia anaongea na fundi kwenye simu roho inanisuta. Dada yangu Elieshi, anayefungua duka kila asubuhi na kumpeleka Mama kliniki ya presha na kupanda basi kila mwezi kwenda Kibosho kusimamia migomba, naye sijamwambia, yule hawezi kuficha kitu. Nikamwendea Mzee Hamud, jirani yetu wa duka la mazulia, rafiki wa Baba tangu zamani, nikamwomba akamwambie Mama kwa niaba yangu. Akanitazama juu mpaka chini: "Mwanangu, ujumbe wa posa nimepeleka sana. Wa mtu kumkimbia mama yake sijapeleka, na sipeleki."

Sasa Alhamisi ijayo ubalozini wanataka cheti changu halisi cha kuzaliwa, na kipo kwenye kopo la biskuti chini ya kaunta. Elieshi akienda kunywa chai naweza kukichomoa. Kazi hii siiachi, hilo nimeshaamua. Je, nikichukue kimyakimya, halafu nikishafika kule ndio nimpigie Mama simu nimweleze?

Mziwanda, Magomeni

*Bi Mgeni anajibu:*

Marahaba, Mziwanda. Kwanza hongera, tena ya kutoka moyoni. Mtu aliyefundisha mashine kwa chaki miaka yote hiyo anastahili kuishika kwa mkono wake. Nenda. Katika barua yako nzima, hilo ndilo jambo pekee ulilolifikiria vizuri.

Mengine, loh! Mwanamume mzima, msomi, unamvizia mama yako kwenye kopo la biskuti? Mama wa watu anapandisha mabati kwa ajili ya miezi sita isiyokuwepo! Na hiyo simu ya kutoka Uholanzi ataipokelea dukani, mbele ya wateja. Presha ikipanda, nani atambeba kumpeleka hospitali? Elieshi tena. Mzee Hamud alikujibu sawasawa, nampa mkono.

Na huyo Elieshi hebu tumzungumzie. Umeandika mwenyewe: anafungua duka, anampeleka mama kliniki, anasimamia migomba. Halafu unahangaika nani atabaki na kihamba. Ameshabaki, baba! Amebaki miaka yote, ila hakuna aliyemtamkia.

Sasa sikiliza. Mimi ni mtu wa Pwani, lakini nimekaa na Wachaga kiasi cha kulijua jani lenu la sale: mkosaji akilishika mbele ya aliyemkosea, hanyimwi msamaha. Litafute leo hii, Wachaga wa Dar wameliotesha uani kwao. Jumamosi uwe dukani saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wateja. Msaidie dada yako kufungua na umwambie abaki asikie. Mama akiingia, mpe jani kwa mikono miwili, uombe radhi kwa uongo. Kwa safari usiombe radhi, kwa sababu kusafiri si kosa, na ukiomba atadhani unaweza kuiacha. Mwambie, "Mama, ni kazi, si kozi, na ni ya miaka." Kisha tamka kwa kinywa chako kwamba ile nyumba akae Elieshi, na kwamba Krismasi ukoo ukikusanyika utalirudia mbele ya baba zako wadogo, hata kama ni kwa simu. Wakiguna, waache wagune.

Mama atalia. Mwache alie, usianze kumweleza habari za chembe zako. Akishanyamaza, mwombe cheti. Najua nakala rasmi, inayokubalika ubalozini, unaweza kuiomba serikalini bila yeye kujua. Lakini wewe unataka akupe mwenyewe, ndiyo maana umeniandikia. Asipotoa Jumamosi, Jumapili msindikize kanisani umwombe tena. Jumatatu uwe wa kwanza dukani. Una muda mpaka Alhamisi, na hilo kopo usiliguse.