Bodi Iliyowawasha Wakwe

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Nanyamba hatujambo, ila bibi yako amenuna, maana mbuzi amekula kanga yake mpya.

Umeniuliza ukate vipi kingo zilizozidi za bodi yako ya saketi. Enzi za ujamaa nilikuwa naunda redio ya kijiji, bodi ikazidi boksi kwa upana wa kidole. Nikaikata kwa msumeno, kavukavu, juu ya mkeka wa barazani. Kumbe bodi zile zina nyuzi za kioo ndani. Nikakung'uta mkeka, nikaona umetakata.

Alasiri akaja balozi wa nyumba kumi na nduguze, kunitazama kabla ya kujibu posa yangu kwa binti yake. Wakaketi mkekani. Kahawa haijapoa, wote wanajikuna.

"Kijana," balozi akasema, "umetutilia upupu?"

Nikaapa ni vumbi la kioo la bodi ya redio. Hawakuniamini, mpaka nikavua shati nikawaonyesha tumbo langu lililojaa vipele. Balozi akanitazama, akasimama. "Basi binti tumekupa," akasema, wakaondoka.

Kwa hiyo chora mstari mbali na njia za shaba, funga kitambaa puani, lowesha unapokata ili vumbi lisiruke, na ukatie nje. Mimi nimeamini miaka yote kwamba ukweli wangu ndio ulionipa mke.

Bibi yako amenisikia nikiisoma barua hii kwa sauti. Anasema baba yake alikubali upesi ili awahi kuoga.

Babu yako