Daftari la Mama Zaina Limejaa

Alhamisi, jioni. Upepo wa Julai umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la dawa. Nimechoka, na nimejikasirikia.

Leo daftari la Mama Zaina limejaa.

Si jina lake, nimelibadilisha. Ni mjane wa Kirangi, ana shamba la zabibu huku kwetu upande wa Hombolo. Moyo wake umepanuka, hausukumi damu vizuri. Wagonjwa wa zahanati yetu hujinunulia daftari la shule, nasi tunaandika humo kila wanapokuja. La kwake huletwa na mkwewe, Rehema. Mama mwenyewe haji. Nami hufungua ukurasa wa mwisho, naandika "aendelee na dawa", Rehema anapewa vidonge, anaondoka. Foleni ni ndefu, na mgonjwa aliyeko nyumbani halalamiki.

Leo Rehema kaja na daftari jipya, ikabidi ninakili historia. Nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Aendelee na dawa. Aendelee na dawa. Mwandiko wangu mwenyewe, mara sita. Mara ya mwisho kumpima kwa mikono yangu, watu walikuwa wanapanda mtama.

Nilikuwa natibu daftari.

Nikamuuliza Rehema, "Kwani mama analalaje siku hizi?"

"Analala amekaa, daktari. Akijinyoosha tu, pumzi inakata."

Tangu lini? Tangu kabla ya Ramadhani. Mbona hukusema? "Hukuniuliza," akanijibu, wala hakuwa na nia mbaya. Kweli, sikuuliza.

Tiba shufaa niliisoma chuoni: kumtuliza mtu ambaye ugonjwa wake hautaondoka, na kuwasaidia wa nyumbani kwake kujiandaa mapema. Lakini kichwani niliiweka upande wa saratani, tena saratani ya siku za mwisho. Mgonjwa wa moyo kwangu alikuwa mtu wa vidonge. Mwanamke aliyekuwa anakuja kwa miguu yake akaacha kuja, na mimi sikushtuka. Tunapenda kuwaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii aliyeficha ni mimi.

Saa tisa nikafunga chumba, nikaenda kwake. Nilimkuta amekaa mkekani, godoro limekunjwa nyuma ya mgongo. Miguu imevimba, mabega yamebaki mifupa. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akavuta pumzi, kisha akaniomba radhi kwa kutofika zahanati. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Nilimpima, nikampigia simu daktari wa hospitali, tukaongeza dawa ya kutoa maji mwilini. Jumatatu mimi na yeye tutakwenda kumwona huko huko nyumbani.

Rehema alipotoka kuchota maji, mama akaniuliza kwa sauti ndogo. Mwanawe Idi yuko machimboni Geita, ameahidi kuja zabibu zikiiva. Je, amwache amalize kazi yake, au amwite?

Jibu letu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni: Mungu yupo, mama, utapona. Nimeshawapa wengi jibu hilo na kuondoka haraka. Leo nililimeza.

"Mwite, mama. Mwite wiki hii."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, njiani, nikasingizia vumbi.

Kuanzia kesho, atakayeniletea daftari la mtu hatapata vidonge kabla sijauliza mgonjwa mwenyewe anakula nini, anatembea mpaka wapi, analalaje. Na yule asiyeweza kuja, nitamfuata. Ni azimio dogo, na kwa Mama Zaina limechelewa. Maana baada ya kumwambia amwite mwanawe aliniangalia, akasema bila hasira yoyote:

"Ungeniambia nikiwa bado natembea, ningemfuata mwenyewe."