Kosa la Mstari Wangu

Alhamisi jioni

Miaka yote hii nafundisha watu kuandika programu zisizokosea. Leo Chebet, mwanafunzi wangu wa uzamili, ameingia ofisini na laptop yake. "Daktari, samahani. Ile programu yako ya kutafuta makosa iko na kosa."

Nilimbishia nusu saa nzima. Alingoja nichoke, kisha akanionyesha mstari wenyewe wa programu wenye kosa. Niliuandika mimi, na makala iliyonipandisha cheo inategemea mstari huo.

Nimewaandikia wahariri wa jarida lililoichapisha makala hiyo waiondoe. Naogopa cheo kitaifuata.

Mke wangu ameniuliza, "Sasa huyo msichana utamfelisha?"

Nimfelishe vipi? Ndiye mwanafunzi wa kwanza kuonyesha kwamba alikuwa akinisikiliza darasani.